Hewa Inakotoka

Jumatatu, 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii itakufikia Alhamisi, dereva wa lori asipolala njiani. Nimepima kwenye ramani: kutoka meza yangu hadi mlango wa karakana yako hakufiki nusu kilomita, lakini barua inazunguka mlima siku tatu ili ivuke korongo moja. Tangu mafuriko yachukue daraja na nyaya za simu kwa mkupuo mmoja, kila siku naliona paa lako kutoka dirisha la ofisi, na siwezi hata kukuuliza umekula nini.

Sasa nisikilize. Mhandisi anasema daraja jipya la waenda kwa miguu linasubiri uzi tu. Uzi ukivuka utavuta kamba, kamba itavuta waya, waya utabeba mbao. Lakini mto hauingiliki mpaka maji yapungue, yaani baada ya miezi minne, na wafanyakazi wote wanahamishiwa kazi nyingine tarehe 31 mwezi huu. Wakiondoka, daraja ni mwakani, Mungu akipenda.

Kwenye kikao nikanyoosha mkono. Unanijua, mimi si mtu wa kunyoosha mkono. Nikasema uzi unaweza kurushwa kwa nguvu ya hewa. Mhandisi akavua miwani. "Umewahi kuutengeneza mtambo kama huo?" Nikajibu ndiyo, chuoni. Akanipa kona ya stoo, mabomba ya zamani na Jumamosi mbili za kujaribu.

Mtambo wenyewe ni huu. Kuna tangi la hewa, na ndani ya tangi kuna bomba la kurushia. Nyuma ya bomba inakaa pistoni, imeziba kama kizibo cha chupa. Hewa ya pampu inaingia nyuma ya pistoni na kuisukuma izibe vizuri, huku ikipenya pembeni yake na kulijaza tangi. Tangi likijaa, unafungua koki ya nyuma ghafla. Hewa ya nyuma inakimbia, pistoni inaruka nyuma, na hewa yote ya tangi inajitupa ndani ya bomba kwa pamoja. Uzuri wake uko kwenye ghafla hiyo. Koki ya kawaida inafunguka polepole kama mtu anayeamka.

Shida yangu ni pistoni. Nimeizungushia mpira, mpira unakwama. Nahitaji ngozi ya pampu, ile yenye umbo la kikombe, ila kubwa kama sahani ya chai. Hakuna anayeikata kama wewe. Na uniambie niivalishe vipi.

Watu hapa wameshaupa mtambo jina: Mzinga. Fundi cherehani wa chini ya ofisi amejitolea uzi wote, mita mia tatu, hataki hata asante. Anakuja kila Jumamosi kuuliza kama kuna kipya, anasimama dirishani, anaangalia ng'ambo, anaondoka. Mtu mwema, ila mzito wa kusema. Halafu, kwa nini unaanika shuka la njano juu ya paa kila Jumamosi, hata mvua ikinyesha?

Mtoto wako,
Penseli


Ijumaa, 6 Mei

Penseli,

Marahaba. Nilikula jana na leo nitakula, usiniulize tena.

Ngozi hizo hapo, mbili, kama utaharibu ya kwanza. Nimezilowesha mafuta usiku na mchana. Usizikaushe juani, usizipake sabuni, usimpe mtu mwenye kucha ndefu azishike. Kuivalisha ni jambo la mtoto: ngozi ina mgongo na ina mdomo. Mdomo uangalie hewa inakotoka. Basi. Ukikosea hapo hata mimi sikujui, nitasema uliokotwa sokoni.

Jirani aliyeona neno Mzinga kwenye barua yako amekwenda kutangaza. Nusu ya mtaa wanadhani ni mzinga wa nyuki. Watu wawili wameshaniletea chupa, nikuagizie asali.

Huku ukingo umemeguka, haturuhusiwi kusogea karibu. Ukirusha, rusha mpaka uwanja wa mpira. Nitakuwepo na vijana wa timu, ambao msimu huu hawajadaka kitu chochote, labda uzi.

Huyo fundi cherehani namkumbuka kwa mbali. Si yule mrefu, mwenye baiskeli ya kijani? Alikuwa akileta pampu yake hapa, mara mojamoja. Bado anakohoa akiona aibu? Nauliza tu.

Shuka linaanikwa kwa sababu limefuliwa. Mambo mengine hayahitaji shahada.

Shangazi yako


Jumanne, 10 Mei

Shangazi,

Ngozi zimefika salama na zinanukia karakana yako. Nilikaa nazo pajani kwanza, kabla ya kuzifungua kabisa.

Nimeivalisha kama ulivyosema. Imekaa! Nimejaza hewa, nikapaka povu la sabuni nje ya viungo vyote, nikasubiri saa nzima. Haivuji hata kidogo. Kipimo cha hewa kimesimama palepale kama askari. Fundi cherehani ameshona kifuko cha mchanga kitakachobeba uzi, na uzi wenyewe ameulaza juu ya ubao kwa mikunjo midogomidogo ili usijifunge. Alitumia siku mbili. Nilimwambia unamsalimia, ingawa hukusema. Alikohoa.

Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya Mhandisi na kikosi chote.

Penseli


Jumapili, 15 Mei

Penseli,

Jana nilipanda juu ya paa. Niliona watu wamejipanga. Nilikuona wewe, kwa sababu hakuna mwingine anayeinama namna ile, kama anayetafuta sindano. Kisha nikaona watu wanatawanyika. Sikuona kitu kikiruka, lakini macho yangu ni ya miaka hamsini na mbili.

Vijana wa timu walisimama uwanjani na mikono juu kwa robo saa. Niambie ilikuwaje.

Shangazi


Jumapili, 15 Mei

Shangazi,

Jaribio la jana lilikwenda vizuri kwa kiasi chake. Tulikuwa tunapima vitu vidogovidogo tu, hatukukusudia kurusha. Mhandisi ameridhika na maendeleo. Hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Usiwe na wasiwasi wowote juu yangu.

Penseli


Jumatano, 18 Mei

Msomi,

Barua zetu zimepishana njiani, na yako imeona haya ilipoikuta yangu.

"Hali ya hewa ilikuwa nzuri." Nilikuwa juu ya paa, mwanangu. Ilikuwa inanyesha.

Nimekulea tangu una meno manne. Ulipovunja sufuria uliificha chini ya kitanda, ukalala juu yake wiki nzima, ukafikiri mgongo hauniambii kitu. Tangu utoto unaziba. Umeziba mpaka mtu akitaka kukusaidia hana pa kuingilia. Sasa kaa chini uniandikie kila kitu: ulifanya nini, kikalia vipi, kikanuka vipi. Na unichoree hiyo ngozi ilivyokaa. Siponyi mgonjwa anayeniambia hajambo.

Shangazi yako, ambaye amekasirika na amekutengea maandazi mawili hata hivyo


Jumamosi, 21 Mei

Shangazi,

Haya.

Tulijaza hewa. Kipimo kilifika pale nilipotaka. Mhandisi akahesabu mwenyewe, tatu, mbili, moja, nikafungua koki. Mzinga ukasema "pfyuu," kama mtoto anayezima kibatari. Pistoni haikutikisika. Kifuko cha mchanga kilibaki ndani ya bomba. Tukajaribu mara tano. Mara ya tano mmoja wa vibarua akasema, "Dada, labda unataka kusukumwa, kama gari," na wote wakacheka, na nikacheka nao, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba nilicheka.

Nimefungua kila kitu mara tatu. Ngozi haina dosari. Haivuji. Sielewi kitu kisichovuja kinakataa vipi kufanya kazi.

Na kuna jingine. Chuoni sikuwahi kuutengeneza mtambo huu. Niliuchora. Mchoro ulipata alama za juu, ukatundikwa ukutani, na kila nilipoupita nilijiambia unafanya kazi. Mhandisi aliponiuliza, mdomo ulijibu kabla yangu. Kikosi kizima kimekaa hapa kwa sababu ya neno langu, na Jumamosi ijayo ni ya mwisho. Usiku nalala nikiuona ule ukuta.

Nimekuchorea ngozi ilivyokaa, nyuma ya karatasi hii. Kushoto ni pampu na koki, kulia ni tangi na bomba.

Sasa na mimi nikuulize. Leo shuka la njano halikuwepo juu ya paa. Fundi cherehani alikuja saa tatu, akasimama dirishani, akaangalia ng'ambo, akakaa kwenye kiti changu bila kuombwa. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni na mikono haina kazi.

Akaniuliza, "Shangazi yako anaumwa?"

"Sijasikia."

"Halijawahi kukosa. Jumamosi halijawahi kukosa."

"Shuka?"

Akakohoa. Nikamuuliza alikuwa akivuka kwenda kwako mara ngapi. Akasema mara mojamoja. Nikamuuliza Jumamosi ngapi. Akasema, "Zote. Miaka minne."

Shangazi, pampu gani inaharibika kila Jumamosi kwa miaka minne? Umeniambia naziba. Naona ni ugonjwa wa ukoo.

Penseli


Jumanne, 24 Mei

Mwanangu,

Nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza kama asali imefika.

Angalia mchoro wako. Mdomo wa ngozi umeangalia pampu! Niliandika uangalie hewa inakotoka, na kwetu mafundi hewa inatoka mbele: inatoka kwenye pampu, inakwenda zake kwenye tairi. Wewe msomi ukasoma "inakotoka" ukaelewa kule ilikoanzia safari. Neno moja, milango miwili, na wewe ukaingilia wa nyuma. Kosa langu nusu. Nusu yako ni kwamba hukuuliza.

Sasa fikiri. Mdomo ukielekea pampu, hewa inapoingia inaupanua, unabana kuta, haipiti hata pumzi. Ndiyo maana haikuvuja. Tangi lako lilikuwa tupu, mama, tupu kabisa. Kipimo umekifunga nyuma, kwa hiyo kilikuwa kinakuonyesha chumba kidogo kilichoshiba huku nyumba nzima ina njaa. Geuza. Mdomo uelekee tangi. Hewa ikitoka pampu itaipita ngozi pembeni, kwa upole, kama mgeni anayejipenyeza kwenye kikao, na tangi litajaa. Ukifungua koki, hewa ya tangi itataka kurudi nyuma, itaukuta mdomo wazi, itaupanua, na hapo ndipo ngozi itabana kwelikweli na pistoni itaruka. Kuvuja kidogo upande mmoja, kubana upande wa pili. Kisichovuja kabisa hakijazi kitu.

Dalili hizo nazijua kuliko fundi yeyote. Usiniulize nimezijuaje.

Mhandisi mwambie ukweli. Mwambie kabla hujafungua koki, usisubiri baada, maana baada ni rahisi.

Shuka lilichukuliwa na upepo likaingia kwenye banda la kuku la jirani. Limefuliwa mara mbili. Mwambie huyo mtu siumwi. Mwambie kwa sauti ya kawaida, usitabasamu.

Shangazi


Jumamosi, 28 Mei, saa tisa na nusu alasiri

Shangazi,

Hii si barua ya lori.

Jana barua yako ilipofika niliisoma nimesimama stoo, nikaigeuza ngozi hapohapo. Kisha nikapanda kwa Mhandisi. Nilimwambia, "Chuoni sikuutengeneza. Niliuchora tu." Hakuinua kichwa.

"Najua," akasema. "Aliyewahi kutengeneza kitu haji kazini siku ya kwanza na kucha safi."

"Kwa nini uliniacha?"

"Ulinyoosha mkono. Miaka sita nafanya vikao hapa, hakuna anayenyoosha mkono." Kisha akanitazama. "Ukinidanganya tena nakuhamishia kuhesabu misumari. Sasa hiyo ngozi umeigeuza au bado?"

Leo tulipojaza, nilisikia kitu ambacho sikukisikia Jumamosi ile: mluzi mwembamba ndani ya bomba, kama mtu anayepuliza chai. Ilikuwa hewa ikiipita ngozi. Inavuja, Shangazi. Niliweka sikio kwenye chuma nikasikiliza inavyovuja mpaka tangi likajaa na kukawa kimya. Kipimo nilikuwa nimekihamishia mbele.

Nilifungua koki na sikusikia chochote, kwa sababu mlio ulikuwa mkubwa kuliko masikio. Niliona tu mikunjo ya uzi ikiinuka kutoka kwenye ubao, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kama wanafunzi wanaoitwa majina. Fundi cherehani aliinama akihesabu mikunjo kwa midomo. Haukukwama hata mmoja. Kisha uzi ukalegea, na sote tukatazama ng'ambo, na uwanjani tukaona watu wadogo wakikimbia huku na huku, na mmoja aliyevaa kitambaa chekundu kichwani akiwapita wote.

Ulikimbia wewe! Na goti lako?

Uzi ukavuta kamba, na wale vijana wa timu wamefunga kapi kwenye mwamba wa goli, kwa hiyo sasa kamba inazunguka kama ya kuanikia nguo. Mhandisi ameandika kwenye kitabu: "Uzi umevuka. Kikosi kinabaki. Mbao: wiki sita." Yule kibarua wa gari la kusukuma ameniomba niweke sahihi kwenye kofia yake. Nimeweka. Nimeandika jina zima.

Kopo hili linalokuja kwa kamba ni la vifungo vya fundi cherehani. Lina barua mbili. Yangu unaisoma. Ya pili ni yake. Ameiandika mara tatu, juu ya karatasi ya kukatia mashati, na sijaisoma, ingawa ilikuwa wazi na mimi nina macho.

Penseli wako


Jumamosi, 28 Mei

Mama Fundi,

Habari za siku nyingi. Mimi si mwandishi.

Pampu yangu ni nzima. Nataka ujue kwamba tangu mwanzo ilikuwa nzima. Kila Ijumaa jioni nilikuwa naifungua mwenyewe, naigeuza ngozi, ili Jumamosi uwe na kitu cha kutengeneza na mimi niwe na sababu. Naomba radhi kwa kazi niliyokupa bure miaka minne.

Nafurahi shuka limerudi.

Mwenye baiskeli ya kijani


Jumamosi, 28 Mei, saa kumi jioni

Kwa nyote wawili, maana najua mnasoma kwa kugongana vichwa,

Barua yenu imechukua dakika nne. Nimezihesabu. Dereva wa lori alikuwa hapa, ameitazama kamba kama mtu anayetazama mke mwenza.

Penseli: goti linauma na sijali. Hao vijana wamedaka. Walidaka mimi nikiwa nimeshakidaka kifuko, lakini waache waseme. Maandazi mawili yako kwenye kopo. Ni ya leo, yale ya Jumatano ile niliyala.

Wewe wa baiskeli: ngoja nicheke kwanza.

Nimemaliza. Sasa na mimi nikuambie. Kila Jumamosi, kabla sijakurudishia pampu, nilikuwa naipeleka nyuma ya pazia na kuigeuza ngozi upande usio wake, ili ikukatae njiani na urudi. Kwa hiyo uliondoka nayo mbovu, na Ijumaa ukakaa nyumbani ukijidhani unaiharibu, kumbe unaitengeneza. Kila Jumamosi ilinifikia nzima. Naiharibu kwa mikono yangu, inarudi nzima! Miaka minne najiuliza ni fundi gani mwingine huyo, na ana uso wa namna gani.

Mhandisi anasema mbao zitakuwa zimekamilika baada ya wiki sita. Siku hiyo vuka wa kwanza.

Njoo bila pampu.

Shangazi wa mmoja wenu